Deni la Mafunzo kwa Watunza Wazee

Katika kazi zote tunazoziita "kubeba boksi", hii ya kutunza wazee na walemavu imetupokea wengi hapa England. Tunamwogesha mtu, tunamlisha, tunamgeuza kitandani asiumie. Hata hivyo, kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa kazi isiyohitaji kusomewa.

Mambo yalianza kubadilika kwa sheria ya mwaka 2000. Viwango vilivyoifuata viliyataka makao ya wazee, ifikapo 2005, yawe na nusu ya watunzaji wenye cheti cha NVQ daraja la pili. Mwaka 2013 ripoti ya Camilla Cavendish ilionyesha kuwa mafunzo bado yalitofautiana mno kwa kila mwajiri. Ndipo mwaka 2015 kikaja Care Certificate, cheti ambacho mtu angehama nacho. Lakini waajiri wengi hawakukiamini, wakawarudisha watu darasani upya. Mwaka 2024 kikaanzishwa cheti kingine, chenye mtahini wa nje, kuondoa kero hiyo.

Na fedha je? Desemba 2021 serikali iliahidi pauni milioni 500 kwa wafanyakazi wa sekta hii, mafunzo yakiwemo. Aprili 2023 zikawa milioni 250.

Ahadi ni deni. Lisipolipwa na aliyeahidi, hulipwa na mtunzaji anayesoma usiku baada ya zamu, na mzee anayeinuliwa na mikono isiyofundishwa. Tuwakumbushe wabunge wetu, maana wazee hao kesho ni sisi.