Kutoka Kukaguliwa hadi Kukaguana: Ajentina na Brazili katika Zama za Atomu

Makusudi ya insha hii ni kueleza kwa mukhtasari jinsi nchi mbili za Amerika ya Kusini, Ajentina na Brazili, zilivyotoka katika hali ya kushukiana juu ya nguvu za atomu zikafika katika hali ya kufunguliana milango. Habari za madola yanayotishana kwa silaha hizi zimeandikwa kwa wingi, na aghalabu msomaji huelezwa juu ya Marekani na Urusi, au India na Pakistani. Walakini habari za majirani waliokaribia ukingo wa shimo kisha wakarudi nyuma kwa hiari yao ni chache, na kwa sababu hiyo zastahili kuchunguzwa. Wengi wanaozitaja huanza na mkataba wa mwaka 1991, kana kwamba amani ilizaliwa siku ile ulipotiwa sahihi. Maoni yetu ni kinyume cha hayo. Mkataba ulikuwa tamati ya safari. Mwanzo wake wapaswa kutafutwa katika maji ya mto, katika ujumbe uliopelekwa kabla ya tangazo, na katika ziara.

Ushindani wa nchi hizi ni wa kale. Tangu enzi za wafalme wa Ureno na Hispania ziligombea nchi zilizo kando ya Río de la Plata, na vita vya mwaka 1825 hadi 1828 vilimalizika kwa kuzaliwa dola la tatu baina yao, yaani Uruguay. Katika karne ya 20 mashindano yalihamia katika elimu. Ajentina iliunda tume ya nguvu za atomu mwaka 1950. Mwaka uliofuata Rais Juan Perón alitangaza kwamba mtaalamu wake, Ronald Richter, amefaulu kuunganisha atomu katika kisiwa cha Huemul. Uchunguzi ukaonyesha kwamba hapakuwa na kitu. Aibu hiyo haikuiua tume, na mwaka 1974 kinu cha Atucha kilianza kutoa umeme, kikiwa cha kwanza katika Amerika ya Kusini. Brazili nayo ilifanya mapatano makubwa na Ujerumani ya Magharibi mwaka 1975, ikusudie kupata vinu vinane pamoja na elimu ya kurutubisha urani. Hapa ndipo penye mashaka yote. Urani iliyorutubishwa kidogo huendesha kinu cha umeme, na iliyorutubishwa sana hufaa kwa bomu. Elimu ni moja. Kinachotofautiana ni kiasi na nia, na nia ya jirani haionekani kwa macho.

Kulikuwako mikataba ambayo ingeweza kuondoa mashaka hayo. Mkataba wa Tlatelolco, uliofunguliwa Meksiko mwaka 1967, ulikusudia kulifanya eneo zima la Amerika ya Kilatini kuwa bila silaha za atomu. Brazili iliuridhia kwa masharti yaliyouzuia usiifunge. Ajentina iliutia sahihi pasipo kuuridhia. Na mkataba wa mwaka 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo zote mbili ziliukataa. Hoja yao ilikuwa moja: mkataba ule uliwagawa watu mafungu mawili. Madola matano yenye silaha yalibaki nazo, wala hayakulazimishwa kukaguliwa; wengine wote waliapishwa kutozitafuta na kukubali kukaguliwa.

Yafaa msomaji wa lugha yetu alitazame neno hilo kukaguliwa. Ni kauli ya kutendwa: mwenye kukagua yuko nje ya neno, na anayetajwa ni yule anayepokea tendo tu. Nchi hizi mbili, ambazo hazikuaminiana katika mambo mengi, zilikuwa na uchungu mmoja juu ya kauli hiyo. Uchungu huo wa pamoja ulikuwa akiba ambayo hapana aliyeitambua wakati ule.

Ufa mkubwa wa miaka ya 1970 haukuwa wa atomu, bali wa maji. Mwaka 1973 Brazili na Paragwai ziliafikiana kujenga bwawa la Itaipu juu ya mto Paraná, ambao hutiririka kuingia Ajentina. Buenos Aires iliona kwamba jirani wa juu ameushika mto kwa koo: aweza kuyazuia maji, au kuyafungulia kwa ghafula, na tena bwawa refu mno lingeharibu mpango wa Ajentina wa kujenga bwawa lake huko chini. Ugomvi huu ulidumu miaka sita. Ulimalizwa tarehe 19 Oktoba 1979, nchi tatu zilipoafikiana juu ya kimo cha maji na namna ya kuyatumia. Nchi zote tatu wakati huo zilitawaliwa na wanajeshi. Jambo hili lapasa kukumbukwa na wale wasemao kwamba upatanisho uliletwa na serikali za kiraia peke yake. Miezi saba tu baadaye, Mei 1980, Rais João Figueiredo, jemadari, alikwenda Buenos Aires, na huko yakatiwa sahihi mapatano ya kwanza ya kushirikiana katika matumizi ya amani ya atomu. Maji yalipopata mwafaka, atomu iliweza kuzungumzwa.

Mwaka 1982 Ajentina iliingia vitani na Uingereza kwa ajili ya visiwa vya Falkland, ambavyo Waajentina huviita Malvinas. Nyambizi ya Kiingereza iendeshwayo kwa nguvu za atomu iliizamisha manowari General Belgrano, wakafa watu 323. Brazili haikufurahia msiba wa mshindani wake. Ilikubali kuyaangalia mambo ya Ajentina mjini London baada ya uhusiano wa nchi hizo mbili kukatika. Novemba 1983 serikali ya kijeshi ya Ajentina, ikiwa katika siku zake za mwisho, ilitangaza kwamba wataalamu wake wamefaulu kurutubisha urani katika mtambo wa siri wa Pilcaniyeu. Tangazo la namna hiyo lingeweza kuwasha moto. Lakini kabla halijatolewa, Rais Reynaldo Bignone alikuwa amempelekea Figueiredo ujumbe wa kumwarifu. Jirani hakusikia habari kwa watu wa mbali. Alizisikia kwa mwenyewe.

Raúl Alfonsín alishika urais wa Ajentina Desemba 1983, na José Sarney wa Brazili mwaka 1985. Mwezi wa Novemba mwaka huo walikutana Foz do Iguaçu, kwenye daraja jipya lililoziunganisha nchi zao, na Alfonsín akakubali kwenda kulitazama bwawa la Itaipu, lile lile lililokuwa donda la taifa lake. Tarehe 30 walitoa tamko la pamoja juu ya siasa ya atomu. Julai 1987 Sarney alikaribishwa Pilcaniyeu, mahali pasipokuwa chini ya ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu. Septemba mwaka huo Brazili nayo ilipotangaza kwamba imerutubisha urani, Sarney alimwarifu Alfonsín kwanza, kama Bignone alivyofanya. Aprili 1988 Alfonsín alikaribishwa katika mtambo wa jeshi la majini wa Aramar, karibu na mji wa Iperó.

Pengine mtu atauliza: Rais hajui kupima urani; akitembezwa saa chache kati ya mabomba na mashine, ataona nini? Swali ni la haki. Ziara hizo hazikuthibitisha kitu kwa wataalamu. Zilichofanya ni kuibadili kauli. Aliyefungua mlango hakulazimishwa na mkubwa. Alimfungulia mwenzake, akijua kwamba kesho ataingia kwa mwenzake. Kiswahili kina kauli ya kutendana, na katika kauli hiyo kila mmoja ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Nchi ambazo kwa miaka ishirini zilikataa kukaguliwa zilikuwa zimeanza kukaguana, wala hazikuona fedheha.

Yaliyobaki yalikuja kwa haraka. Katiba ya Brazili ya mwaka 1988 iliamuru kwamba kazi zote za atomu nchini ziwe za amani. Septemba 1990 Rais Fernando Collor alitupa chokaa ndani ya shimo refu lililochimbwa na wanajeshi huko Serra do Cachimbo, lililodhaniwa kuwa la kujaribia bomu. Tarehe 18 Julai 1991, mjini Guadalajara, Collor na Carlos Menem walitia sahihi mkataba uliounda shirika la pamoja la kuhesabu na kukagua vifaa vya atomu, lijulikanalo kwa herufi ABACC, lenye makao Rio de Janeiro. Kanuni yake ni nyepesi kueleza: mitambo ya Brazili hukaguliwa na Waajentina, na ya Ajentina hukaguliwa na Wabrazili. Desemba mwaka huo nchi mbili hizo, ABACC na Shirika la Kimataifa walifanya mapatano ya pande nne. Ndipo mikataba ya zamani ilipoonekana kuwa myepesi: ule wa Tlatelolco ulianza kuzifunga zote mbili mwaka 1994, na ule wa 1968 Ajentina iliuingia mwaka 1995 na Brazili mwaka 1998.

Haifai kuipamba historia hii kupita kiasi. Wako wanahistoria wanaosema kwamba hapakuwa na mbio za bomu hata kidogo, maana hapana serikali iliyoamua kulijenga. Huenda ni kweli. Lakini mashimo na mitambo ya siri ilikuwako, na jirani huhukumu kwa anachokiona. Tena mambo hayakwisha yote. Mwaka 2004 Brazili ilizificha mashine zake za Resende zisitazamwe kwa ukamilifu na wakaguzi wa kimataifa, ikitaja siri za ufundi, na ilichukua miezi kupata mwafaka. Nchi zote mbili hazijatia sahihi itifaki ya nyongeza inayotoa mamlaka zaidi kwa wakaguzi hao, na nyambizi ya atomu ambayo Brazili inataka kuijenga imezusha maswali mapya ya namna ya kuhesabu urani yake. Uchungu wa kukaguliwa na wengine ungaliko, ingawa wa kukaguana haupo.

Katika hayo yote twajifunza kwamba Ajentina na Brazili hazikungoja kuaminiana ndipo zifungue milango. Zilifungua kwanza, kidogo kidogo, tangu maji hadi ujumbe, tangu ujumbe hadi ziara, na imani ikafuata nyuma. Mahali pengine duniani majirani wenye silaha hizi wameambiana mara nyingi kwamba imani itangulie, na mlango umebaki umefungwa.