Mafiga Matatu ya Elimu ya Mbali

Wahenga walisema kuwa figa moja haliinjiki chungu. Elimu nayo ina mafiga matatu: ubora, gharama na fursa ya kuifikia. Leo tunaambiwa kwamba masomo ya mtandaoni yatamfikia kila mtu. Kabla ya kukubali, tuiulize historia.

Tuanze nyumbani. Mnamo Agosti 2005, Rais Pierre Nkurunziza alipoapishwa hapa Bujumbura, alitangaza kufutwa kwa karo ya shule za msingi. Watoto wakafurika madarasani. Fursa ilipanuka, lakini walimu, vitabu na madawati havikuongezeka kwa kasi ileile. Gharama nayo haikwisha: daftari na sare zilibaki mabegani mwa mzazi.

Jirani zetu wa Tanzania walikuwa wamejaribu njia nyingine. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1994. Mwalimu au karani aliweza kusomea shahada bila kuacha kazi wala kuhama mkoa wake. Hata hivyo, hakuachiwa vitabu peke yake. Chuo kilifungua vituo mikoani, ambako alikutana na wakufunzi na kufanya mitihani. Vituo hivyo viligharimu fedha, lakini ndivyo vilivyoulinda ubora.

Kenya ilipofunga shule Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalitolewa kwa redio, runinga na intaneti. Redio ilifika mbali kwa gharama ndogo, ila mtoto hakuweza kuiuliza swali. Intaneti iliruhusu swali, ila ilidai simu, umeme na kifurushi. Burundi haikufunga shule zake. Mtihani huo bado unatungoja.

Funzo ni hili: mara nyingi gharama haifutwi, bali huhamishwa. Darasani, jengo na ubao ni mzigo wa shule. Mtandaoni, simu na kifurushi huwa mzigo wa mwanafunzi. Kijana wa Buyenzi mwenye simu yake na kijana wa kilimani anayesubiri simu ya baba irudi jioni hawako katika darasa moja, hata kama somo ni lilelile.

Kwa hiyo, raia makini akiambiwa kuwa elimu ya mtandaoni ni ya bure, na aulize: nani anailipia, na nani ameachwa nje? Jibuni kwa aya moja, mkitoa mfano kutoka mtaani kwenu.