Askari wa Mpakani na Maradhi ya Safarini



Kwa watu wa Nyakarenzo, katika Wilaya ya Rusizi, nchi iliyojulikana zamani kama Mkoa wa Cyangugu, mpaka si mstari wa ramani tu. Mto Rusizi hauko mbali nao, na ng'ambo ya mto ni Kongo. Ukiteremka kusini hadi Bugarama, Burundi nayo i karibu. Kwa vizazi vingi watu wa upande huo wamevuka kwenda Bukavu kuuza mazao, kununua nguo, kuoza na kuzika. Ndiyo maana kila inapotangazwa kwamba maradhi ya kuua yamezuka ng'ambo, hofu huwafikia kabla ya maradhi yenyewe. Watu huuliza: kwa nini njia zisifungwe mara moja? Na macho yote humgeukia askari aliyesimama kizuizini.

Swali hilo ni la zamani mno. Mwaka 1377 mji wa bandari wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik nchini Kroatia, ulikabiliwa na tishio la tauni. Mji ule uliishi kwa biashara ya baharini. Kufunga bandari kulikuwa sawa na kujinyonga. Wakuu wake hawakuifunga. Waliamuru kwamba kila atokaye mahali penye tauni akae siku 30 katika sehemu iliyotengwa kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku hizo ziliongezwa zikawa 40, na hesabu hiyo ya arobaini katika lugha ya Kiitaliano ndiyo iliyozaa neno karantini. Busara yake ilikuwa hii: msafiri hakufukuzwa, bali alisubirishwa na kuangaliwa.

Afrika ya Mashariki nayo ina historia yake. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar na kuua watu kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu kisiwani humo, alifuatilia nyendo za ugonjwa huo, na mwaka 1876 akachapisha kitabu juu yake. Alionyesha kwamba kipindupindu kilifuata njia zile zile za misafara ya wapagazi na majahazi. Palipopita pembe na vitambaa, ndipo na ugonjwa ulipopita.

Askari naye asidhani kwamba yeye ni mlinzi tu katika historia hii. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikimalizika, homa kali ya mafua ilienea duniani kote na kuua mamilioni ya watu. Katika Afrika ya Mashariki homa hiyo ilisambaa kutoka bandarini, ikafuata reli na barabara, pamoja na askari na wapagazi waliokuwa wakirejea makwao. Wanaume waliookoka risasi walifika nyumbani wamebeba kifo kifuani bila kujua. Kambi, lori na bweni ni mahali maradhi yanapopenda kukaa, na sare haimkingi mtu na kiini cha ugonjwa.

Tuje katika miaka ya karibuni. Tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Mlipuko huo uliendelea hadi Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Mwezi Julai 2019 mchungaji mmoja wa dini, akiwa mgonjwa, alipanda basi Butembo akaenda Goma, mji unaopakana na Rwanda. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba alipita vizuizi vitatu, na kwamba alionekana kuficha utambulisho wake kwa kutaja majina tofauti. Vizuizi vilikuwapo, na watu wa kuvilinda walikuwapo. Kilichokosekana ni ukweli wa msafiri. Mwezi uliofuata ugonjwa ulifika Mwenga, katika Kivu ya Kusini, na hofu ikasogea Rusizi. Hata hivyo Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja katika mlipuko ule. Watu walipimwa joto mipakani, wakanawa mikono, na wahudumu wa afya wa wilaya za mpakani wakachanjwa.

Mwaka 2020 watu wa Rusizi walionja upande wa pili wa jambo hili. Ugonjwa wa korona ulipoonekana wilayani mwao, safari za kuingia na kutoka Rusizi zilizuiwa wakati sehemu nyingine za nchi zikianza kufunguliwa. Sasa wao ndio walioogopwa. Mwezi Julai 2024 mmoja wa wagonjwa wawili wa kwanza wa mpox nchini alipatikana Rusizi. Na mwezi Oktoba mwaka huo huo, Rwanda ikipambana na homa ya Marburg, abiria aliyetoka Rwanda alijisikia vibaya katika treni iendayo Hamburg, Ujerumani. Majukwaa ya stesheni yalifungwa. Vipimo vikaonyesha hakuwa na Marburg. Ugonjwa huo uliwapata watu 66 nchini Rwanda, wengi wao wahudumu wa afya, na 15 wakafariki. Tarehe 20 Desemba 2024 ukatangazwa kuwa umekwisha.

Basi, ndugu wasikilizaji, historia hii yatufundisha nini? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtu hafichi maradhi kwa ujinga tu. Hufichwa pia kwa sababu ya hofu: hofu ya kutukanwa, ya kunyang'anywa mzigo, ya kurudishwa mikono mitupu wakati watoto wana njaa. Mpaka ukifungwa kwa ghadhabu, mama mwenye kapu la mboga hataacha kuvuka. Atatafuta njia ya vichakani usiku, pasipo maji ya kunawa wala muuguzi wa kumpima.

Kwa hiyo silaha ya kwanza ya askari wa mpakani katika vita hivi ni imani ambayo wasafiri wanayo kwake. Msafiri akijua kwamba akisema kweli atapelekwa kwa daktari wala si rumande, atasema. Akijua kwamba sheria ya kunawa na kupimwa inamhusu mkubwa kama inavyomhusu mdogo, ataitii. Na askari mwenyewe akihisi homa, aripoti kwa mkuu wake siku ile ile, wala asijifanye shujaa mbele ya wenzake.

Mto Rusizi utaendelea kutiririka kati ya ndugu na ndugu. Kazi ya mlinzi ni kuhakikisha kwamba wanaopita juu yake wanapita mchana, kwa jina lao la kweli.