Vifaa vya kupiga mbizi vilivyopotea: Si kila kinachookotwa ni bahati

MNAMO Januari 25, 1998, mashua ya watalii iliondoka katika mwamba wa St Crispin, sehemu ya Great Barrier Reef nchini Australia, na kuwaacha majini mume na mke Wamarekani, Tom na Eileen Lonergan. Hakuna aliyetambua kwamba watu wawili walikuwa wamepungua.

Siku iliyofuata mashua iyo hiyo ilirejea mahali pale ikiwa na kundi jingine, na wapiga mbizi wakaokota vipande vya risasi vilivyolala chini ya maji. Hakuna aliyeshtuka. Ilipita siku nyingine kabla ya mkoba wa wawili hao kuonekana chomboni na msako kuanza. Hawakupatikana. Baadaye majaketi yao ya kuelea, yakiwa na majina yao, yalisukumwa ufuoni na mawimbi.

Huko Queensland, taratibu za kuhesabu wapiga mbizi kabla ya chombo kuondoka zilikazwa baada ya mkasa huo. Lakini kuhusu kilichookotwa, somo lake halijaenea sana.

Mpiga mbizi hufunga kiunoni ukanda wenye vipande vya madini ya risasi, yale yale ambayo mvuvi huyatumia kama chubwi, ili aweze kuzama. Hufundishwa pia kuufungua na kuutupa anapokuwa hatarini, ili aelee upesi. Kwa hivyo ukanda unaopatikana peke yake chini ya maji una maelezo mawili makuu: ama kifungio kililegea na mwenyewe akapandishwa juu bila kutaka, ama aliutupa kwa makusudi akijiokoa. Kwa vyovyote vile, kabla ya kuuliza kitu ni cha nani, sharti kuuliza mtu yuko wapi.

Jambo la kwanza basi ni kumwashiria mwenzako, kukariri kina na mahali, kupanda juu kwa utaratibu na kumwarifu nahodha ili watu wahesabiwe. Iwapo kilichoonekana ni mtungi, jaketi na kifaa cha kupumulia vikiwa vimeshikamana, hiyo si mali iliyopotea tena bali huenda ni ushahidi. Vifaa vya namna hiyo haviguswi ila kwa maagizo ya polisi au Kikosi cha Ulinzi wa Pwani, kilichozinduliwa nchini mwaka 2018. Ikilazimu kuviopoa, huandikwa kwanza kiasi cha hewa kilichosomeka kwenye geji na iwapo vali ilikuwa wazi au imefungwa. Mtu anayeifungua vali ili kuonja hewa, au kuviosha vifaa kwa maji baridi kwa nia njema, hufuta kile ambacho wachunguzi wangetaka kukijua.

Mara nyingi, bila shaka, hakuna maafa. Miwani ilivuliwa na wimbi wakati wa kupanda mashuani, pezi moja la mguuni likachomoka, kurunzi ikaponyoka. Hapo mwenye kupoteza huhitaji kujua tabia ya alichokipoteza.

Risasi huzama na kukaa pale pale ilipoangukia. Miwani ya kioo na mpira huzama polepole na huweza kusukumwa mbali kidogo na mkondo. Mapezi hutofautiana, baadhi huelea, mengine huzama. Mtungi wa alumini wa aina inayotumiwa sana huzama ukiwa umejaa na kuelea ukiwa karibu mtupu, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa ndani yake ina uzani wa zaidi ya kilo 2. Ule wa chuma cha pua au feleji kwa kawaida huzama hata ukiwa karibu mtupu. (Vyombo vyetu vya habari havichoki kuiita mitungi hiyo "mitungi ya oksijeni". Aghalabu ndani yake mna hewa hii hii tunayoivuta, iliyoshindiliwa tu, na oksijeni tupu huweza kumsumisha mpiga mbizi katika kina kinachozidi mita chache.)

Muhimu zaidi ni kutia alama mara moja. Nahodha mwenye kifaa cha setilaiti huhifadhi mahali pale. Asiye nacho hutupa boya lenye nanga, au hufanya kama wavuvi wafanyavyo tangu jadi, kulinganisha mnazi na mnara ulio nyuma yake, kisha alama mbili nyingine za upande tofauti. Saa huandikwa pia, kwani katika pwani ya Kenya maji ya bamvua huweza kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na mkondo wa maji yanayojaa si ule wa maji yanayokupwa.

Katika kutafuta, njia nyepesi ni ya duara. Mmoja hukaa katikati akishika kamba, mwenzake huogelea akiwa ameikaza kamba hiyo hadi amalize mzunguko, ndipo kamba huongezwa kwa urefu usiozidi umbali wa macho kuona. Watamu au Kisite wakati wa kaskazi, maji yanapokuwa maangavu, hilo huweza kuchukua dakika chache. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, huwa ni kazi ya kupapasa. Na kwenye mikono ya bahari yenye tope hali ni ngumu zaidi: mwaka 2019 ilichukua karibu wiki mbili kuliopoa gari lililotumbukia katika kivuko cha Likoni.

Kukipata kifaa si kukiopoa. Kosa la hatari ni kubeba kitu kizito mikononi huku mtu akijaza hewa katika jaketi lake ili limsaidie kupanda. Mzigo ukiponyoka, jaketi humfyatua juu. Hewa iliyo katika kina cha mita 30 hupanuka mara 4 ifikapo juu ya maji, na mapafu ya mtu aliyezuia pumzi hayana nafasi hiyo. Vitu vizito huinuliwa kwa mfuko maalumu unaofungwa kwenye kitu chenyewe na kujazwa hewa kidogo kidogo.

Wapo wasemao kilichozama ni mali ya bahari. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamwondolea lawama ya wizi mwokotaji aliyekifanya kitu kuwa chake iwapo tu wakati huo hakumjua mwenyewe na aliamini, kwa sababu za kuridhisha, kwamba hawezi kupatikana. Ni vigumu kudai hivyo kuhusu mtungi wenye nambari iliyogongwa begani mwake, au kompyuta ya mkononi ya mpiga mbizi ambayo, pamoja na nambari yake, huhifadhi kumbukumbu ya kina na saa za safari zake. Vituo vya kupiga mbizi vya Diani, Watamu na Malindi ndipo mahali pa kwanza pa kuulizia. Mitungi mingi ni ya vituo hivyo na hukodishwa tu kwa wageni.

Vitu vya kale ni suala jingine kabisa. Nanga, mitungi ya udongo na mabaki ya merikebu, kama yale ya Santo António de Tanná iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, huachwa pale pale na Makavazi ya Kitaifa kuarifiwa.

Mwenye vifaa naye ana wajibu wake, nao ni mwepesi: kuandika jina na nambari ya simu kwa wino usiofutika, na kuhifadhi nambari za vifaa alivyonunua. Asipofanya hivyo humwachia mwokotaji kazi ya kubahatisha.

Mwezi Machi 2018, wanafunzi wa shule ya msingi huko Su'ao, Taiwan, waliokuwa wakisafisha ufuo, waliokota kitu kilichofunikwa na viumbe vya baharini. Kilikuwa kamera ndani ya kasha lisilopenyeza maji, na betri yake ilikuwa bado na moto. Haikuwa na jina. Wanafunzi na mwalimu wao waliamua kuzitazama picha, wakaona ni za likizo katika kisiwa cha Ishigaki, Japani, umbali wa takriban kilomita 250. Mwalimu akazisambaza baadhi mtandaoni kwa Kichina na Kijapani, na baada ya muda mfupi mwenyewe akajitokeza, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Japani. Kamera ilikuwa imempotea mwaka 2015 akipiga mbizi, alipokuwa akimsaidia mwenzake aliyepungukiwa na hewa.