Karatasi Nyeupe 250

Leo naleta historia ya karatasi. Muniwie radhi kama hamukuzoea hivyo kutoka kwangu, lakini kuna mwaka karatasi ilikaribia kumfukuzisha mama mmoja kazi, na mimi nilikuwa pale.

Wanaonijua wanajua nilisoma Historia. Munajua pia vile watu wanatucheka: “Historia? Utakula nayo nini?” Basi nilipomaliza universite nilipata staji tu, bila mshahara, kwenye sekretaria ya shule moja ya sekondari hapa Bukavu. Jina la shule naliacha. Mule ndani tulikuwa watu wawili na kompyuta moja: mama sekretere, mtu wa miaka mingi kazini, na mimi wa kupanga makaratasi ya zamani kwenye kabati.

Mwisho wa mwaka wa shule ukafika. Wanafunzi walikuwa 412, na kila mmoja alitakiwa kupata fishi yake ya pointi, ukurasa mmoja. Pointi zote zilikuwa ndani ya hifadhidata, ile tunaita “base de données”. Mama alikamata rame moja ya karatasi, ni kusema karatasi 500, na kwa hesabu ya kawaida ingebaki nyingine. Kumbe kwa mwanafunzi wa 250 rame ikaisha. Akaenda kwa ekonome kuomba ya pili.

Ekonome akapiga hesabu mbele ya watu. “Mama, fishi ni 250. Karatasi zilikuwa 500. Zingine 250 ziko wapi?”

Mama akajibu: “Masini inatosha fishi moja, inatosha karatasi ya bule, inatosha fishi, inatosha ya bule. Zile za bule nilipatia baalimu, watoto bafanyie brouillon.”

Hakuna mtu aliyemwamini. Karatasi nyeupe hazikuwa pale tena, na karatasi mpya inauzika haraka kwenye kila kibanda cha fotokopi. Waliita kijana wa enformatiki. Akafungua ripoti, akaitazama kwenye ekrani, akasema iko sawa. Akajaribu kuitosha: akachagua ukurasa wa 1 peke yake, ili asiharibu karatasi. Ukatoka ukurasa mmoja, safi. Hakuna karatasi nyeupe iliyofuata. “Mashine haina shida,” akasema, akapokea pesa yake ya taksi, akaenda.

Jioni ile mama akapewa “demande d'explication”. Munajua maana yake. Ekonome aliomba bei ya rame ikatwe kwenye mshahara, na prefe alisema akikosa maelezo ya kweli, mambo yatakwenda mbali kuliko rame. Mama alikaa kwenye kiti chake na ile barua mkononi. Akaniambia: “Mutoto yangu, miaka yote iyi sijakamata hata stylo ya shule.”

Sasa, kwenye Historia tulifundishwa somo moja ambalo wengi tulilichukia: critique historique. Usiamini hati juu inasema, uliza nani aliitengeneza, lini, kwa chombo gani, na ulinganishe na zingine. Mimi sikujua lolote la kompyuta. Nilijua hiyo tu.

Asubuhi nilikwenda kwenye madarasa kutafuta zile brouillon. Kwa mwalimu wa hesabu nikapata kumi na mbili. Upande mmoja zilikuwa zimeandikwa hesabu za watoto. Upande mwingine, kushoto kabisa, kila karatasi ilikuwa na vistari viwili vidogo, kimoja juu na kimoja chini, kila kimoja kirefu cha milimita tatu. Kumi na mbili zote, mahali pamoja. Donc hazikutoka kwenye rame hivyo. Zilipita ndani ya emprimanti na kitu kiliandikwa juu yake. Nikaweka moja kando ya fishi ya pointi, upande wa kulia. Ule mstari mrefu wa juu kwenye fishi ulifika ukingo ukakatika, na kile kistari kidogo kilikuwa mwisho wake. Karatasi “ya bule” ilikuwa imebeba mkia wa fishi.

Nikarudi kwenye kabati langu. Fishi za semestre ya kwanza zilikuwa pale, kopi zote, na karatasi zilitosha bila shida wakati ule. Programu ni ile ile, ripoti ni ile ile. Nikazilinganisha na za sasa. Za sasa zilikuwa na maandishi ya chini karibu na mwisho wa karatasi. Za zamani, maandishi hayo yalikuwa juu zaidi, kama sentimita moja na nusu na kitu, na chini yake weupe mtupu. Kati ya semestre mbili kulikuwa na badiliko moja tu: emprimanti ya zamani ilikufa, wakanunua mpya.

Kwa nini emprimanti ya zamani iliacha weupe chini? Hapo ndipo inabidi niwatoe Bukavu kidogo.

Mwaka 1786, Mjerumani mmoja mwenye elimu, Georg Christoph Lichtenberg, aliandika barua kwa mwenzake Johann Beckmann juu ya umbo la karatasi ambalo ukilikunja katikati, nusu inabaki na umbo lile lile. Ili iwe hivyo, urefu lazima uwe upana mara 1.414 hivi. Mwaka 1798 Wafaransa, katikati ya Mapinduzi yao, waliweka baadhi ya vipimo vya namna hiyo kwenye sheria ya kodi ya karatasi, kisha vikasahaulika. Mwaka 1922 Ujerumani ikavirudisha kwa kazi ya Walter Porstmann: A0 ni mita mraba moja, unaikunja, unapata A1, unaikunja tena, mpaka A4, ambayo ni 210 kwa 297 milimita. Ubelgiji iliupokea utaratibu huo mwaka 1924, na sisi tulikuwa chini ya Ubelgiji tangu 1908 mpaka 1960. Mwaka 1975 ukawa kipimo cha dunia. Uzuri wake ni kwamba hata uzito unapigwa hesabu kichwani: A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita mraba, kwa hiyo karatasi ya gramu 80 ina gramu 5, na rame nzima kilo mbili na nusu. Nilimpimia mama kwenye kichwa: wanasema uliiba kilo moja na robo.

Marekani haikufuata njia hiyo. Kwao karatasi ya biro inaitwa Letter, inchi 8½ kwa 11, yaani 215.9 kwa 279.4 milimita. Tazameni vizuri: Letter ni pana kuliko A4 kwa milimita 5.9, na ni fupi kwa milimita 17.6.

Na programu nyingi za ripoti zilitoka Marekani. Mwaka 1959 IBM ilitoa mashine yake ya 1401 pamoja na emprimanti ya 1403, iliyopiga mistari 600 kwa dakika, herufi 132 kwa mstari. Kwa mashine hizo walitengeneza lugha iitwayo RPG, na jina lake lenyewe linasema ni chombo cha kuzalisha ripoti. Wakati ule hakuna aliyefikiri “ukurasa” kama sisi. Karatasi ilikuwa moja ndefu, yenye matundu pembeni, inapita bila kukatika. Mashine ilihesabu mistari tu: mistari 6 kwa inchi, inchi 11, mistari 66, ruka kwenye ukurasa mwingine. Zile inchi 11 za Marekani ziliingia kwenye hesabu ya programu nyingi za ripoti zilizofuata. Kompyuta ndogo zilipokuja na hifadhidata za mezani, dBASE mwanzoni mwa miaka ya 1980, Access mwaka 1992, kazi ya kuchora ripoti ikatoka kwa wataalamu ikafika kwa mtu yeyote wa biro, na mara nyingi kipimo cha kuanzia kilikuwa bado Letter.

Basi turudi kwenye sekretaria. Emprimanti ya zamani ilikuwa imewekwa kwenye Letter tangu ilipotoka kwenye kartoni, na hakuna aliyewahi kubadilisha. Sisi tuliilisha A4. Yenyewe iliamini iko na Letter, ikaandika, ikaacha milimita 17.6 za chini bila kuzijua. Ndio ule weupe. Aliyechora ripoti aliichora akiwa na emprimanti hiyo: upana wa fishi milimita 193, ukingo wa milimita 10 kila upande, jumla 213. Kwenye 215.9 inaingia. Emprimanti mpya ilikuja imewekwa A4, kwa haki kabisa. 213 ndani ya 210 haiingii. Zinazidi milimita tatu. Programu haiwezi kuzitupa, juu ndani yake mna mstari uliochorwa mpaka mwisho, kwa hiyo inazipeleka kwenye karatasi ya pili. Kila fishi na mkia wake.

Na jaribio la yule kijana? Alichagua ukurasa wa 1 peke yake. Mkia wa fishi ya kwanza ni ukurasa wa 2. Jaribio lake ndilo lilificha kosa, na lilimfanya mama aonekane mwongo kuliko mbele. Mimi niliomba ripoti yote kwenye ekrani, nikaenda mpaka mwisho bila kutosha hata karatasi. Chini iliandikwa kurasa 824. Wanafunzi 412, mara mbili.

Nilimwita ekonome, nikamwonyesha hiyo namba. Alinyamaza. Nikamwekea fishi na brouillon ya mwalimu wa hesabu, kando kwa kando, na rula juu yake. Prefe naye akaja. Akasukuma zile karatasi mbili kwa kidole mpaka mstari ukaungana, akazitenganisha, akaziunganisha tena.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi, na tano kati yake zilikuwa za upumbavu wangu. Nilijaribu kuvuta ukingo wa ripoti urudi ndani, ukakataa. Ukingo haurudi kama kuna kitu kinaugusa. Ilibidi nifupishe kwanza mistari miwili, kisha nikakuta kisanduku kitupu cha maandishi, hakionekani, kimekaa kule mwisho kulia bila kazi. Nilipokifuta ukingo ukarudi mpaka 188. Kurasa zikawa 412.

Wiki hiyo hiyo ekonome alikuja mwenyewe, sauti ya chini, na resiti za minervali. Zilitoka kwenye emprimanti ya sindano, ile ya kopi za kaboni, na wazazi walizikataa kwa sababu kila Désiré alitoka DÚsirÚ. Kisa kile kile, karatasi nyingine. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Windows inaandika é kwa namba 233. Emprimanti ile ilisoma kwa jedwali la 850, la wakati wa DOS, na humo 233 ni Ú. Ingekuwa kwenye jedwali la kwanza la IBM PC la mwaka 1981, la 437, ingetoka herufi ya Kigiriki, na sijui wazazi wangesema nini. Nilimshauri aandike majina kwa herufi kubwa bila alama, DESIRE, mpaka emprimanti ibadilishwe jedwali. Alisema asante. Juu ya mama hakusema kitu.

Prefe ndiye alisema. Alirudisha ile “demande d'explication” mbele ya walimu wote, akaichana, na bei ya rame haikukatwa. Mimi staji yangu iliisha mwezi uliofuata, bila mshahara kama ilivyoanza.

Nilipopita pale mwaka jana, mama alikuwa bado kwenye kiti kile kile. Juu ya emprimanti kulikuwa na rula ya mbao, imefungwa na kamba ili wanafunzi wasiibebe, na chini yake karatasi moja ya brouillon, yenye hesabu za mtoto upande mmoja na vistari viwili upande mwingine.