Gitaa za Nabugoye: Albamu kama Ushahidi wa Historia

Mwaka 2003 kampuni ya Smithsonian Folkways ya Marekani ilitoa albamu ya nyimbo za Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, ambao wengi wao wanaishi katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Mbale. Aliyezirekodi ni Jeffrey Summit, rabi na mtaalamu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Tufts. Albamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy katika kundi la muziki wa asili. Neno hilo "asili" ndilo linalonisumbua. Nyimbo hizi si za kale, na chimbuko lake si Mbale peke yake.

Tuanzie Jinja. Mwaka 1906 Waingereza walimpeleka huko Semei Kakungulu awe rais wa baraza la Busoga. Kabla ya hapo jemadari huyu wa Kiganda alikuwa amewatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki na kuanzisha mji wa Mbale, akitumaini kutawazwa kuwa mfalme huko. Hakutawazwa. Walimpunguzia eneo, wakampunguzia na madaraka, na Jinja alikaa kama mtumishi wa serikali hadi 1913. Aliporudi Mbale alijiunga na Bamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali. Mwaka 1919, baada ya kulisoma sana Agano la Kale, alitahiriwa yeye na wanawe. Inasimuliwa kwamba Bamalaki walimwambia hiyo ni desturi ya Wayahudi, naye akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. (Mbale ni nchi ya Wagisu, ambao kwao tohara ndiyo inayomfanya kijana awe mwanamume. Sidhani jirani walishangaa kama walivyoshangaa wamisionari.)

Wengi hulieleza tukio hili kama suala la imani tu. Mimi naona na siasa ndani yake. Mtu aliyenyimwa ufalme alijipatia jamii ambayo ibada yake haikuwa chini ya askofu wala gavana. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na kanuni cha kurasa tisini hivi. Wafuasi wake hawakujua Kiebrania. Walichokuwa nacho ni Biblia ya Kiganda, iliyokamilika kutafsiriwa mwaka 1896. Kwa hiyo waliimba Zaburi na aya za Torati kwa Kiganda, kwa sauti walizozizoea. Hilo ndilo tabaka la kwanza la muziki huu.

Tabaka la pili limetokana na hofu. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na jamii ikaendelea kwa unyonge. Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971 aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, watu wakasali kwa siri, wengi wakabatizwa au wakasilimu. Kwa kawaida husemwa kwamba walikuwa kama 3,000 wakabaki kama 300. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, vijana wachache walianza kukusanyika kwenye kilima cha Nabugoye, miongoni mwao ndugu wawili, Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu. Walitaka kuwarudisha wenzao, na chombo walichokitumia kilikuwa muziki. Sala za Kiebrania zikatiwa sauti mpya, na gitaa likaingia.

Gitaa hilo nalo lilikuwa na safari yake. Jinja ilikuwa na kambi ya askari wa King's African Rifles, na askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia ni miongoni mwa walioeneza gitaa Afrika Mashariki. Santuri na redio zilileta vidole vya Wakongo kama Mwenda Jean Bosco. Zilileta pia Wamarekani: mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis nchini Kenya wakiimba juu ya "Chemirocha", ambaye si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa muziki wa mashambani wa Marekani. Wasabiny wa mlima Elgon, juu ya Mbale, ni ndugu wa karibu wa hao Kipsigis. Basi msikilizaji wa Boston anayesikia kitu anachokifahamu katika gitaa la Afrika Mashariki asidhani amesikia vibaya.

Kwa hiyo nikiulizwa albamu ya 2003 ni ushahidi wa nini, nitasema ni ushahidi wa miaka ya 1980 zaidi kuliko wa 1919. Kuiita ya asili kunawanyima vijana wa Nabugoye sifa ya utunzi wao.

Albamu ya pili, iliyotoka mwaka 2013, inalionyesha jambo hili waziwazi. Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akaona majengo yakianguka. Aliporudi aliwaendea jirani zake Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaanzisha chama cha ushirika cha kahawa, Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Wakulima walitunga nyimbo, baadhi kwa gitaa, baadhi kwa kwaya za wanawake, wakihimizana kujiunga. Summit akarudi na vinasa sauti vyake. Hapa mwanahistoria hahitaji hata kukisia umri: wimbo unaokisifu chama hicho hauwezi kuwa umetungwa kabla ya 2004.