MGENI LONDON MWEZI WA TISA: RAHA ILIYOFUKIWA CHINI YA BARABARA

1.
Leo tunasafiri. Tunaenda London, mji mkuu wa Uingereza, mwanzoni mwa majira wanayoyaita ya majani kupukutika. Nauli ni bando lako tu.

Septemba huku Nkome tunaangalia mawingu upande wa ziwa, tunasubiri mvua za kwanza. Kule joto la kiangazi linapungua taratibu, koti jepesi linatosha, na majani ya miti kwenye bustani kubwa kama Hyde Park yanaanza kugeuka manjano na rangi ya kutu. Usiku na mchana vinakaribia kulingana. Makumbusho mengi makubwa unaingia bure. Mwezi huohuo zipo siku ambazo majengo mengi ambayo kwa kawaida hufungwa hufunguliwa ili kila mtu aingie aone. Mgeni anatembea kwa miguu kando ya mto Thames, mtoto yuko kwenye kigari, mkononi ana kikombe cha kahawa. Raha mstarehe.

Sasa kuna kitu hakionekani kwenye picha hizo. Mgeni akishikwa na kiu anafungua bomba lolote anakunywa, na mtoto anampa. Mto anaotembea kando yake haumfanyi azibe pua. Angekuja Septemba ya mwaka 1854 angefunga mizigo siku ileile akaondoka. Hebu tuone ilikuwaje.

2.
Katikati ya London kuna mtaa unaitwa Soho. Leo ni mtaa wa migahawa na kumbi za starehe. Kwenye barabara iitwayo Broadwick, ambayo zamani iliitwa Broad Street, imesimama pampu ya maji ya mkono ambayo haitoi maji. Ni mfano wa ile ya zamani. Watalii wanapiga nayo picha. Jirani yake kuna baa yenye jina la daktari, John Snow.

Mwaka 1854 pampu ya pale ilikuwa inasifika. Maji yake yalikuwa maangavu, ya baridi, matamu. Watu waliokuwa na pampu karibu na nyumba zao waliipita wakaenda kuchota ile. Mama mmoja mjane aliyehama Soho kwenda Hampstead, nje kidogo ya jiji, alikuwa akipelekewa chupa ya maji hayo kwa sababu alikuwa ameyazoea.

Kwenye nyumba namba 40, mbele ya pampu hiyo, aliishi Sarah Lewis na mumewe Thomas, askari polisi. Walikuwa na mtoto mchanga wa miezi mitano, Frances. Mwishoni mwa Agosti mtoto akaanza kuharisha. Mama akafanya kile ambacho kila mama angefanya: alifua nepi za kitambaa, na maji yake akamwaga kwenye shimo la maji machafu chini ya nyumba. Tarehe 2 Septemba Frances akafariki.

Lile shimo lilikuwa bovu. Kati yake na kisima cha pampu hapakufika hata mita moja.

Usiku wa tarehe 31 Agosti kipindupindu kikalipuka mtaa mzima. Ndani ya siku tatu watu zaidi ya 120 walikuwa wamekufa. Mpaka mlipuko unaisha walikuwa zaidi ya 600. Yule mjane wa Hampstead naye alikufa, mbali kabisa na Soho, kwa ile chupa yake.

3.
Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini kipindupindu kinaletwa na hewa chafu. John Snow alikuwa na mawazo tofauti: aliamini kiko kwenye maji. Akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja rahisi, hapa mnachota wapi? Wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu ile. Kiwanda cha bia kilichokuwa jirani hakikupoteza mfanyakazi hata mmoja, maana walikuwa wanakunywa bia na walikuwa na kisima chao wenyewe.

Tarehe 7 Septemba Snow akapeleka hoja yake kwa viongozi wa mtaa. Hawakushawishika sana, ila kesho yake, tarehe 8, wakakubali kung'oa mpini wa pampu. Wakati huo mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua, kwa sababu watu wengi walikuwa wamekimbia. Lakini siku ileile ya kung'oa mpini, Thomas Lewis, baba yake Frances, naye alianza kuugua. Akafa tarehe 19. Choo chake kilikwenda kwenye shimo lilelile. Fikiria pampu ingekuwa bado inafanya kazi.

Habari ya mtoto Frances haikugunduliwa na Snow. Iligunduliwa na mchungaji wa pale mtaani, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni alikuwa anampinga Snow. Kwa kuwa alizijua familia zile, akafuatilia vifo kimoja kimoja mpaka akafika kwenye nepi za nyumba namba 40. Ndo maana nawaambiaga, mtu anayewajua majirani zake ni mtaalamu wa afya hata kama hana cheti.

Na nyie mnaopenda habari za uzazi, chukueni hii. Huyuhuyu Snow ndiye aliyempa Malkia Victoria dawa ya kupunguza uchungu alipojifungua mwaka 1853, na tena mwaka 1857. Ndiyo, Victoria yuleyule ambaye ziwa letu limepewa jina lake.

4.
Tuondoke Soho twende mtoni, si mbali kwa miguu.

Mwaka 1858 kiangazi kilikuwa kikali. Vyoo vya jiji zima vilikuwa vinamwagika kwenye Thames, na mto ukanuka kiasi kwamba wenyewe wanakikumbuka kiangazi kile mpaka leo kwa uvundo wake. Sasa Bunge lao limejengwa ukingoni kabisa mwa mto. Wakaloweka mapazia kwenye dawa ili kuzuia harufu, haikusaidia. Wananchi walikuwa wamekufa kwa maelfu miaka na miaka, sheria ikisuasua. Harufu ilipoingia bungeni, sheria ikapita kwa wiki chache tu. Mwanzoni mwa Agosti 1858 ilikuwa imeshakamilika.

Siku hizohizo, tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza mmoja, John Speke, alikuwa amesimama karibu na Mwanza akiliangalia ziwa ambalo babu zetu walikuwa wanalivua na kulinywa siku zote. Akalipa jina la malkia wa mji ule uliokuwa unaziba pua. John Snow hakuiona sheria hiyo. Alikuwa amefariki Juni, katikati ya uvundo.

Kazi akapewa injinia Joseph Bazalgette. Alijenga mifereji mikubwa ya chini kwa chini, yenye urefu wa takriban kilomita 132, ya kuyabeba maji machafu na kuyapeleka mbali upande wa mashariki, kabla hayajafika mtoni katikati ya jiji. Ule ukingo mpana wa mto unaoitwa Victoria Embankment, wenye miti na mabenchi, ambapo mgeni anakaa Septemba kuangalia boti, ulifunguliwa mwaka 1870. Ndani yake mmepita mfereji wa maji taka. Yaani ukikaa pale kwenye benchi, mabaki ya chakula cha jiji zima yanapita chini ya miguu yako na wala hujui.

Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London kwa mara ya mwisho kama mlipuko mkubwa. Kiliua zaidi ya watu 5,000, na pigo lilikuwa mashariki ya jiji, sehemu ambayo mtandao wa mifereji ulikuwa bado haujakamilika. Hapo hata waliokuwa wabishi walinyamaza.

5.
Swali: na sisi watu wa huku tulikuwa wapi? Tulikuwemo.

Mwaka 1869 kipindupindu kilifika Zanzibar kikitokea bara kupitia njia za misafara, kikaendelea mpaka 1870. Daktari Mskoti aliyekuwa Zanzibar, James Christie, alikifuatilia kituo kwa kituo akaandika kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1876. Watu wa mji walitegemea visima, na mnajua kisima katikati ya mji wenye mashimo ya vyoo kinakuwaje.

Oktoba 1870 Sayyid Barghash bin Said akawa Sultani. Mwaka 1875 akasafiri kwenda London, akafika Juni, majira ya joto. Akapokewa na Malkia Victoria, akatembezwa, akaonyeshwa mengi. Zahir bin Said, katibu wake, aliandika habari za safari ile kwa Kiarabu zikachapishwa. Mwaka huohuo wa 1875 ndio kazi ya mifereji ya Bazalgette ilikuwa inakamilika. Kwa hiyo mgeni wetu aliiona London iliyokwisha kupona.

Tusimpambe kupita kiasi. Zanzibar yake ilikuwa imejengwa kwa jasho la watumwa, na soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Hilo tuliseme wazi. Ila kwenye maji, alifanya jambo. Katika utawala wake maji ya chemchemi yaliletwa kwa mfereji kutoka nje ya mji mpaka Mji Mkongwe, na wananchi wakachota bila kulipia. Wengi wetu tukienda Zanzibar tunakimbilia kupiga picha Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga mwaka 1883. Kwangu mimi yale maji ndiyo jumba lenyewe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikwenda kuwa mgeni kwa watu, na baadaye wenyeji wa kwao wakapata cha kuwaponya.

6.
Na upande wa pili wa ziwa letu? Mwaka 1902 Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, alikwenda London na katibu wake Ham Mukasa kushuhudia Mfalme Edward VII akitawazwa tarehe 26 Juni. Siku mbili kabla, mfalme akapasuliwa kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Sherehe ikasogezwa mpaka Agosti 9. Wageni wa Buganda wakabaki mjini wakitembea na kuona, na Mukasa akaandika kitabu kuhusu safari yao.

Angalia mahesabu. Miaka 48 tu kabla, mgeni katikati ya London alikuwa anahesabu majeneza. Hawa waliishi pale majuma kadhaa mfalme akipona, bila hofu ya maji. Wakati huohuo nyumbani kwao, kando ya Nyanza, malale yalikuwa yanafagia watu. Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897, ndiyo iliyoanza kuwatambua wagonjwa wake, mwaka 1901.

7.
Mgeni akimaliza Embankment anavuka daraja la Westminster. Ng'ambo, ikitazamana na Bunge, ipo hospitali ya St Thomas', na hapo kuna makumbusho ya Florence Nightingale. Sisi wauguzi kila tarehe 12 Mei tunawasha mishumaa kwa kumbukumbu yake. Wengi wanamjua kwa vita vya Crimea, alivyoondoka London Oktoba 1854 na wauguzi 38. Wachache wanajua kwamba wiki chache kabla ya hapo, mlipuko wa Soho ulipoanza, alikuwa wodini katika hospitali ya Middlesex, karibu na Soho, akihudumia wagonjwa wa kipindupindu.

Sasa turudi Nkome, maana sikuwapeleka kote huko bure.

La kwanza ni kinyesi cha mtoto. Bado nasikia kwa wamama, tena wasomi, kwamba choo cha kichanga hakina shida kwa sababu anakunywa maziwa tu. Mtoto Frances alikuwa na miezi mitano. Choo cha mtoto kinaingia chooni kama cha mtu mzima. Nepi hazifuliwi ziwani, na maji yake hayamwagwi karibu na kisima. Pampasi haitupwi mwaloni. Baada ya kumsafisha mtoto, sabuni.

La pili, maji kung'aa siyo usalama. Pampu ya Broad Street ilipendwa kwa sababu maji yake yalikuwa maangavu. Ya ziwani chemsha mpaka yachemke kabisa, au weka dawa ya kutibu maji kama ilivyoelekezwa, kisha hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Choo na kisima viachane angalau mita 30.

La tatu, mtoto akiharisha usisubiri. Anza ORS nyumbani, endelea kunyonyesha, mlete kituoni apate na zinki. Ukikosa pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Choo kikiwa kama maji ya mchele, hata kama ni usiku, mje.

La nne ndilo zito. Sarah Lewis hakuwa mama mchafu. Alifua nepi, akamwaga maji pale jiji lilipomwonyesha pa kumwaga. Kilichookoa watoto wa London ni mabomba na mifereji, na hayo mama mmoja hawezi kuchimba peke yake uani kwake. Bunge lao lilisubiri mpaka harufu iwafikie wenyewe. Sisi tusisubiri hivyo. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, twende wanawake, tukae mbele, tuulize bomba limefika wapi, kisima kipi kimepimwa, na hela za mgodi zinazopangiwa miradi ya jamii zimeenda kwenye maji kiasi gani. Tuulize na mkutano unaofuata.

Na ukija kubahatika kufika London Septemba, kula raha yako yote, piga picha na majani ya manjano. Ukifika kwenye ile pampu ya Soho, mkumbuke mtoto Frances na mama yake.

Wiki ijayo nitawaletea historia ya chanjo ya ndui. Maswali wekeni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Mtumie na mama mmoja wa mwaloni asiyekuwa na bando, umsomee.